Mwanaume wa Nusu Sahani

Yale maneno yalinikuta nikikanda unga wa chapati. Mikono yote ilikuwa ndani ya beseni, kwa hivyo sikuweza hata kuziba masikio.

"Mama Winny," Njoki alisema, ameegemea nguzo ya kibanda changu kama mtu aliyekuja kukaa, "huyu fundi wa makochi anayekuja hapa kila saa, unajua hana tumbo?"

"Hana tumbo vipi? Kila mtu ana tumbo."

"Yeye hana. Lilikatwa lote. Kansa! Nilimwona na haya macho yangu mawili kwa foleni ya kliniki, ile siku ya Novemba nilipompeleka shangazi. Watu wa aina hiyo, wanasema, hawamalizi miaka mitano. Na vile Winny wako anamchekea..."

Njoki ana saluni ng'ambo ya barabara yetu hapa mtaani Umoja. Kichwa kimoja husukwa kwa saa nne, na saa nne ni nyingi kwa wanawake kukaa bila habari. Nilimwambia aende zake nina kazi. Akaenda. Maneno hayakwenda.

Nikichagua maharagwe, yako pale. Nikisimama kanisani kuimba, yako pale. Hawamalizi miaka mitano. Mimi nilibaki mjane nikiwa na miaka ishirini na tisa, Winny akiwa na miaka minne, hajui hata kuvaa viatu. Najua kitanda kinavyokuwa kipana mtu akiondoka. Nilikuwa nimeapa mtoto wangu hatakijua kitanda hicho.

Mimi shule nilifika darasa la nane tu. Lakini wanaume nimewasoma kwa sahani miaka kumi na tisa. Mwenye haraka namjua, mchoyo namjua, anayegombana na mkewe namjua anavyochokora ugali. Huyu Matheka ndiye aliyenishinda kusoma. Alikuja kibandani mara ya kwanza mwaka juzi, kijana mrefu, mwembamba, nyuzi za kitambaa zimemganda kwa shati. Akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Naomba nusu sahani."

"Nusu? Mwanaume mzima?"

"Nusu tu, mama. Na maji usinipe sasa, nitakunywa baadaye."

Saa nne akarudi. Nusu. Saa saba, nusu. Saa kumi, chapati robo na yai. Kila mara Winny ndiye anampakulia, na kila mara anakaa kwenye benchi ile ya mwisho, anatafuna polepole kama anayesikiliza wimbo, macho kwa Winny. Mimi nikacheka moyoni. Nikasema huyu amependa, njaa ni kisingizio. Hata wateja wakawa wanaita, "Winny, mteja wako wa nusu amefika!" Na Winny anageuza uso kwa sufuria ili tusione anavyotabasamu.

Sasa baada ya Njoki nikaanza kumtazama kwa jicho lingine. Halafu nikaacha kumtazama kabisa. Nampa sahani nikiangalia jiko. Ningemuuliza Winny yakaisha, lakini sikuuliza. Niliogopa kuambiwa ndiyo.

Agosti ikaingia. Winny akaja kunisaidia kuosha vyombo, na nikajua ana neno, kwa sababu alikuwa anaosha sufuria moja mara ya tatu.

"Mum, Matheka anataka kuja nyumbani Jumapili."

"Kufanya nini?"

"Mum, kwani hujui watu huja nyumbani kufanya nini?"

"Aje," nikasema. Na moyoni nikasema: sahani itaniambia.

Kwetu, kijana akija kwa mara ya kwanza kujitambulisha, mama wa msichana humpakulia kwa mkono wake mwenyewe. Haruhusiwi kujipakulia. Na akibakiza, amekataa nyumba. Matheka ni wa kwetu Ukambani, analijua hilo kama ninavyolijua. Nikajisema, kama ana tumbo atamaliza. Kama hana, tutajua leo, na Winny ataona kwa macho yake. Huo ndio ujinga wangu, na nauandika hapa bila kuuvalisha nguo.

Jumapili alifika saa saba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa amepauka usoni kuliko nilivyomzoea. Na vidole vyake vitatu vilikuwa na plasta.

"Karibu kijana wangu. Umeumia?"

"Ni sindano ya kazi tu, mama. Kochi la mteja lilinizidi."

Nilileta pilau. Nikapakua miiko minne. Juu nikaweka nyama, pembeni chapati mbili, na glasi ya soda nimeijaza mpaka mdomoni. Winny alipoiona ile sahani alisimama.

"Mum, hiyo ni nyingi."

"Keti. Mgeni hapimiwi."

"Si kupimiwa, Mum, ni..."

"Winny." Matheka alisema jina lake taratibu. Wakatazamana. Mimi nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona watu wawili wakibishana namna ile bila kufungua midomo. Binti yangu alimwambia usile. Yeye akamwambia ni mama yako. Kisha akashika kijiko.

Alikula. Kila tonge alilitafuna mpaka nikachoka mimi. Alisifu pilau. Alikunywa soda kwa sababu nilikuwa nimeishika mkononi nikimwelekezea. Alipofika nusu alipumzika, akapangusa paji la uso, nikamwambia, "Kwani pilau yangu ina sumu?" nikacheka. Yeye akacheka kidogo, akaendelea. Winny hakugusa chakula chake. Alikuwa anahesabu vijiko vya mwanaume.

Akamaliza. Sahani nyeupe. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema kimoyomoyo, Njoki ni mwongo.

Dakika kumi na tano hazikuisha. Tulikuwa tunaongea habari za mvua, nikaona jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Shati likamshika kifuani, na kifua kilikuwa kinaruka, nauona moyo kwa macho. Mikono ikaanza kutetemeka. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa.

"Mama, samahani," akasema. "Samahani kwa kochi lako, nalilowesha."

Nilipiga kelele. Nikataka kumlaza chini chali, nimwagie maji. Winny alinisukuma. Mtoto wangu hajawahi kunisukuma.

"Usimlaze chali, Mum! Toka!"

Akakusanya mito yote ya kochi akampanga nayo mgongoni, ameinuka nusu. Akafungua vifungo vya shati mpaka tumboni. Akamfuta jasho kwa leso yake mwenyewe, akaweka kiganja kifuani pake. "Usiseme kitu. Pumua. Tumbo linakata? Haya. Litapita. Pumua na mimi." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mikono yake ilikuwa inajua kazi. Na shati lilipofunguka nikaliona kovu, limeanzia chini ya mfupa wa kifua likashuka.

Hapo ndipo hasira ilinipata. Mtu akiogopa sana hukasirika.

"Kwa hivyo ni kweli! Kijana, mficha maradhi kilio humfichua. Ulitaka nijue lini? Siku ya kununua sanduku?"

"Mum, hakuficha," Winny akasema bila kugeuka. "Mimi najua tangu wiki ya tatu. Alinionyesha hilo kovu kabla hajanishika hata mkono. Aliniambia, angalia kwanza, kisha uamue kama nikuite dada au nikuite jina lako."

"Na hukuniambia mimi mama yako!"

"Ungesema nini?"

Sote watatu tulijua ningesema nini.

Alikaa vile karibu nusu saa. Jasho likakauka, rangi ikarudi kidogo. Alipoweza kuongea alinieleza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Kwamba alianza na vidonda vya tumbo, akanunua dawa za duka la dawa mwaka mzima, zinatuliza zinaacha, mpaka alipotapika damu. Kwamba tumbo lilitolewa lote na utumbo ukaunganishwa na koo la chakula. Oktoba hii itakuwa miaka mitano.

"Chakula changu hakina mahali pa kungojea, mama. Kinaingia moja kwa moja kwa utumbo. Kikiwa kingi, au kikiwa na sukari, mwili unashtuka. Ndiyo maana nusu. Ndiyo maana mara sita kwa siku."

"Basi huko kibandani hukuja kwa sababu ya mwanangu. Ulikuja kwa sababu ya tumbo."

Akatabasamu. "Wiki ya kwanza ni tumbo, mama. Wiki ya pili kibanda cha karibu kilikuwa kimefunguliwa mlangoni kwangu. Nikakipita."

Winny akacheka huku machozi yanamtoka. Nami ningecheka, lakini niliziona zile plasta tena. Fundi wa miaka kumi hajichomi vidole vitatu.

"Nionyeshe mkono."

"Si kitu, mama."

"Nionyeshe."

Nikatoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikamgusa nayo ncha ya kidole, polepole. "Unasikia?"

Akaangalia dirishani. Nikamgusa kingine.

"Sisikii vizuri," akasema. "Na nyayo pia. Tangu mwezi wa sita."

Winny alikuwa amepiga magoti kando yake. Akainuka. "Kwa nini usisikie? Sindano ya vitamini ni ya nini? Ile ya kila miezi mitatu?"

Akaficha mkono chini ya mto.

"Matheka. Februari ulienda?"

Akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Nilikuuliza! Ukaniambia ulienda, daktari amenisalimia. Na Mei? Mei nilikununulia ndizi za kubeba kwa foleni!"

"Nilizila kazini," akasema.

Sijawahi kuona uso wa mtoto wangu ukifunga vile. Alikusanya leso yake kutoka begani kwa mwanaume, akaikunja mara nne.

"Naweza kuishi na mtu asiye na tumbo," akasema. "Nimeshajifunza. Mtu wa kunidanganya siwezi. Ukipona hapo, Mum atakusindikiza." Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Matheka alijaribu kusimama amfuate. Nilimshika bega, akakaa. Alikuwa mwepesi kama nguo.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Umetembea njia yote hiyo, karibu miaka mitano, halafu unaachia hapa mlangoni?"

"Mama, tangu yule mama wa saluni anione, kule kazini waliniuliza kama nikinywa maji yanamwagika. Wakaniita Chupa Bila Kitako. Mteja mmoja alichukua viti vyake, akasema hataki mto ulioshonwa na mtu wa kansa. Hayo nilivumilia, ila Februari niliona haya kurudi kwa foleni. Halafu Aprili ukaacha kuniangalia. Ulikuwa unanipa sahani ukiangalia jiko. Nikajua limekufikia. Nikasema nikionekana tena kule kwa foleni, nimempoteza Winny. Nikasema nitaenda tukishaoana."

Nilikaa chini. Kwenye sakafu, mimi mwenye nyumba. Kwa hivyo mkono uliomtoa hospitali ulikuwa pia wangu. Njoki alisema kwa mdomo, mimi nilisema kwa jicho.

"Mwaitu," akaniita, vile sisi huita mama kwetu, mara ya kwanza kuniita hivyo, "usimlazimishe. Ana haki. Mimi nitaenda zangu."

"Utaenda Jumatano," nikasema. "Kliniki. Na hutaenda peke yako."

Nikagonga mlango wa jikoni. "Winny, siombi umsamehe. Hilo ni lako. Naomba uje Jumatano utuonyeshe njia, mimi sijui kliniki hiyo iko wapi."

Nilisikia maji ya mfereji, na sufuria moja ikioshwa.

Jumatano nilifunga kibanda. Kwa miaka kumi na tisa, ukiondoa Jumapili, nimefunga kwa Krismasi na kwa mazishi tu, kwa hivyo barabara nzima ilitoka kuangalia. Nilimshika Matheka mkono, tukapita katikati ya barabara, tukapita mbele ya saluni pole kabisa. Winny alikuwa nyuma yetu hatua kumi, amenuna, lakini alikuwa nyuma yetu.

"Mama Winny!" Njoki akaita na kitana mkononi. "Mbona umefunga? Mnaenda wapi wote?"

"Kliniki ya kansa, Njoki. Nampeleka mwanangu sindano. Kama unataka kujua foleni ilivyo leo, nitakuambia nikirudi, usihangaike."

Kitana kilimponyoka. Nyuma yangu nikasikia Winny akicheka, amejiziba mdomo.

Kule kwa foleni tulikaa benchi moja, mimi katikati. Mbele yetu kulikuwa na wazee, na wasichana wadogo kuliko Winny, na mama mmoja aliyekuwa anasuka kikapu. Niliogopa nitaona mauti pale. Niliona watu wanaongojea jina kuitwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana wa Kisomali, Daktari Kawsar, mtandio wa kijani. Alifungua faili, akamwangalia Matheka juu ya miwani.

"Miezi tisa. Tulikupigia simu mara ngapi?"

"Nyingi, daktari."

"Tumbo ndilo humsaidia mtu kuipata hii vitamini kwa chakula. Wewe huna, utaipata kwa sindano mpaka uzeeke. Hii si dawa ya kumaliza. Damu yako imepungua, na mishipa ya fahamu imeanza kuumia. Tutaanza upya, siku moja ndiyo, siku moja la. Vidole vingi hurudi. Vingine huchelewa. Kuna ambavyo havirudi sawa, sitakudanganya." Kisha akaagiza vipimo vya damu, na picha ya kifua na tumbo.

Nikauliza nilichotoka nacho nyumbani. "Daktari, mimi nimesoma kidogo. Niambie tu. Ataishi?"

Aliweka kalamu chini. "Mama, hii saratani ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi miaka miwili mitatu ya kwanza. Kila mwaka unaopita bila dalili, nafasi yake inakuwa nzuri zaidi. Nina wagonjwa wa miaka kumi. Nina niliowazika. Wale wanaokuja, tukiona jambo tunaliona mapema kidogo, na haya mengine, damu, kalsiamu, uzito, tunayarekebisha. Asiyekuja siwezi kumsaidia. Kuapa siwezi, hata kwako na kwangu siwezi."

Tulirudi benchi kungoja sindano. Mimi nikajifanya nataka choo, nikasimama nyuma ya nguzo. Mama haachi kusikiliza.

"Bado umekasirika?" Matheka alimuuliza.

"Sana."

"Unaweza kukasirika ukiwa karibu kidogo?"

Winny alisogea. Kidogo. Akanyoosha mkono, si kumshika, ni kuchukua kadi ya kliniki kutoka mfukoni mwa shati lake.

"Hii nakaa nayo mimi."

"Hata tukikosana?"

"Hasa tukikosana." Akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akachukua kile kidole chenye plasta, akakiminya. "Unasikia?"

"La."

Akakishika hivyo hivyo. "Tutangoja."

Picha ilirudi baada ya wiki mbili. Hakuna kilichorudi. Niliisoma ile karatasi kichwa chini miguu juu, sikuelewa neno, nikaibusu. Oktoba miaka mitano ikatimia, na daktari akasema sasa kuonana ni mara moja kwa mwaka, lakini sindano haina likizo. Kidole cha shahada kimerudi. Cha kati bado. Amejifunza kushona akikitazama. Desemba wazee wake walikuja kuleta posa ya Winny, na mimi nikampakulia mbele yao wote kijiko kimoja cha wali na kipande cha kuku. Wazee wakaguna. Nikawaambia, nyumba hii hupakuliwa mara sita.

Hofu haijaniisha. Kila akikohoa nasimama. Lakini wewe mama mwenzangu unayesoma hapa, mwenye mkwe kama wangu au mtoto kama Winny, nakuandikia ya kuepuka, uyabandike jikoni:

Usimjazie sahani. Kidogo, mara tano au sita, atafune sana.

Usimpe soda, wala chai ya sukari nyingi, wala keki ya sherehe.

Usimpe maji katikati ya chakula. Angoje nusu saa.

Usimlaze chali akitoka kula.

Asiruke sindano. Asiruke kliniki hata akiwa anacheka na ananenepa.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona anapungua, anatapika, chakula kinakwama, au choo ni cheusi. Mpeleke siku hiyo.

Usinunue dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi bila kupimwa. Hapo ndipo yake yalianzia.

Usipokee habari za mgonjwa kutoka saluni. Muulize mwenyewe.

Usimpe sahani ukiangalia jiko.

Usimhesabie mtu miaka. Mimi niliolewa na mzima, nikakaa naye mitano.